Nina laki nne na begi moja: Dar mpaka Matema Beach na kurudi kwa wiki mbili, itatosha?

kijana_wa_mbagala

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada wa mawazo maana hapa napiga hesabu tangu jana na kila nikimaliza inakuja jibu tofauti.

Nimemaliza chuo mwaka jana, kazi ya maana bado, ila nilipata kibarua cha miezi kadhaa na nimejibana nikabaki na laki nne ya kuchezea. Washkaji wananiambia niende Zanzibar wikiendi moja iishe, mimi sitaki. Nataka nizunguke nyanda za juu kusini, maana mimi mtu wa pwani kabisa, kwetu Rufiji, sijawahi kuvuka Morogoro na sina ndugu hata mmoja upande huo wa kunipokea. Kwa iyo kila usiku ni gesti na kila mlo ni wa kununua.

Mpango wangu ulivyo kwenye daftari: Dar, Dodoma kwa treni ya umeme (nataka niipande na mimi nisisimuliwe), Iringa, Njombe, Songea, narudi Makambako, Mbeya, Mbozi kuona kimondo, Tukuyu, Kyela, namalizia Matema pale ziwa Nyasa, alafu kurudi na treni ya TAZARA. Wiki mbili, mwisho wa mwezi wa sita kuingia wa saba. Begi moja tu la mgongoni.

Maswali yangu: laki nne inatosha au najidanganya? Mabasi ya usiku ni wazo zuri ili niokoe hela ya kulala? Gesti za huko zinaanzia bei gani? Na baridi inayosemwa ni kweli au watu wanatia chumvi? Karibuni, matusi pia napokea ila yawe na ushauri ndani yake.

tumbili_wa_kitonga

Mkuu hela inatosha ila kwa safari nyingine, sio hii uliyoandika. Hii yako ni ziara ya waziri.

Ngoja nikuoneshe hela inapokwenda. Watu wengi wakipanga safari ya kubana wanahangaika na gesti, eti nitapata ya elfu 8 au ya elfu 10, kumbe kinachokula hela ni kuhama hama. Nauli ya basi hapa kwetu inahesabiwa kwa kilomita. Viwango LATRA (wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu) walivyotoa Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita basi la kawaida na 67.84 la daraja la kati. Angalia kama vimebadilika ila piga navyo hesabu: Dar mpaka Mbeya ni kama kilomita 830, kwa iyo la kawaida ni elfu 40 na kitu, la kati elfu 56. Mpaka Kyela weka elfu 45 au 46 kwa la kawaida. Kwenda na kurudi unaongelea elfu 90, ongeza elfu 30 za daladala, bodaboda na vituko vya njiani, laki na ishirini imeondoka. Usiku 12 kwa elfu 12 ni laki na arobaini na nne. Kula elfu 7 kwa siku 14 ni elfu 98. Jumla laki tatu na sitini na mbili. Umebakiwa na elfu 38 ya viingilio, maji na dharura. Inabana lakini inakaa.

Sasa ingiza Songea. Kutoka Makambako mpaka Songea na kurudi ni zaidi ya kilomita 500, hapo elfu 25 au zaidi imeondoka na siku mbili umezimaliza umekaa kwenye siti. Kata Songea. Kata Njombe pia, itakuwepo mwakani. Kimondo cha Mbozi ni kizuri, dude la chuma la tani kama 12 limekaa juu ya kilima toka enzi na enzi, lakini kiko njia ya Tunduma na wewe unaenda njia ya Kyela, ni kwenda na kurudi siku nzima kwa ajili ya kitu utakachokizunguka dakika kumi na tano. Mwenyewe amua.

Treni ya umeme sikukatazi. Dar mpaka Dodoma ilipoanza mwaka 2024 daraja la kawaida lilikuwa 31,000, ni chini ya saa nne umefika. Ila ukishafika Dodoma lazima utafute gari la Iringa kupitia Mtera, lami yote, ukijumlisha inakuzidi nauli ya basi la moja kwa moja kwa mbali sana maana Dar mpaka Iringa basi la kawaida halitakiwi kuzidi sana elfu 24. Na kibaya zaidi utakuwa umeruka Mikumi na Kitonga, yaani umelipa zaidi ili uone kidogo. Kama roho yako inaitaka SGR panda siku nyingine ya Morogoro uende na kurudi, utakuwa umeipanda.

Kuhusu basi la usiku, mimi nasema HAPANA kwa kwenda. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50 hivi na humo ndani dereva anapunguza mwendo kwa lazima, kuna vibao vimeandikwa faini za kugonga kila mnyama, na hiyo ndio safari yako ya wanyama ya bure. Hakuna kiingilio kwa kupita barabarani. Swala na nyani hawakosekani, twiga na pundamilia ni kawaida, tembo ni bahati yako. Watu wanalipa madola kuona hivyo vitu na wewe umekaa na karanga zako dirishani. Ukitoka Mikumi unaingia bonde la mibuyu, mto Ruaha uko pembeni, Ruaha Mbuyuni pale vitunguu vinanyanyuliwa mpaka usawa wa dirisha na kuna dada anataja bei huku anakimbia, ukikaa kimya hatua tatu bei imeshuka. Alafu ndio Kitonga. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza, moja nyuma ya lingine, upande mmoja ukuta wa mawe upande mwingine korongo, basi zima linanyamaza. Ukipita na usiku utaona taa za lori lililo mbele yako na bango la sifongo ya godoro. Elfu 12 ya gesti uliyookoa hailipi hiyo.

Kurudi sasa panda usiku kama unataka, ushaona.

Pesa_Makaratasi

Laki nne ukanunue mitumba ya watoto Ilala ukauze Mbagala mwisho wa mwezi una laki sita. Kijana hana kazi anaenda kuangalia ziwa. Bahari si ipo hapo Kigamboni?

kijana_wa_mbagala

@Pesa_Makaratasi mitumba nauza tayari mkuu, hiyo laki nne imetoka wapi unadhani.

@tumbili_wa_kitonga aisee hiyo hesabu ya kilomita hakuna mtu aliwahi kunipa. Swali, je nikikata safari vipande vipande (Dar-Iringa, Iringa-Mbeya, Mbeya-Tukuyu) si nitalipa zaidi kuliko moja kwa moja?

Kondakta_Mstaafu

Kijana, hapo nikujibu mimi niliyekula mkate wa barabara hiyo. Kilomita ni kilomita, kwenye karatasi huwezi kulipa zaidi kwa sababu umeshuka njiani. Tatizo ni stendi. Ukisimama stendi na begi mgongoni unashangaa mabango, mpiga debe anajua huyu mgeni, utatajiwa bei ya mgeni na yeye humo ana chake. Dawa yake ni mbili tu. Kwanza kata tiketi ofisini, kwenye mashine, jina lako liandikwe na nauli iandikwe, usimpe mtu hela akakukatie. Pili uliza nauli kwa abiria, sio kwa wapiga debe. Mama mwenye mizigo yake anayekwenda Mafinga kila wiki atakwambia nauli mpaka senti.

Na usikate basi la saa kumi na mbili asubuhi Mbezi wakati wewe unakaa Mbagala kama hujajua utafikaje pale alfajiri. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, kutoka kwenu saa tisa usiku ni bodaboda ya bei mbaya. Chukua la saa mbili au saa tatu asubuhi, Iringa utaingia jioni bado kuna daladala.

Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena 2023 na yana wateja wengi, sina neno nayo, lakini angalia saa ya kufika. Ukiondoka Dar jioni unatupwa Mbeya alfajiri saa tisa, saa kumi, mwezi wa saba. Hiyo baridi uliyouliza ndio hiyo. Utakaa stendi unatetemeka mpaka kuche, na gesti ukiingia saa kumi alfajiri wengine wanakuhesabia usiku mzima. Umeokoa nini?

Jambo lingine. Gari likisimama hotelini konda akasema dakika kumi, ni kumi kweli, usiagize chipsi mayai ukakaa unasubiri. Na bei za hoteli zile ni za njiani, soda tu utaguna. Toka na chakula chako nyumbani, mayai ya kuchemsha, viazi, chapati, na maji usinywe ovyo maana kuchimba dawa ni pale dereva anapotaka yeye.

kijana_wa_mbagala

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, hayo ya saa mbili asubuhi yameingia.

dada_wa_nyikani

Naongezea upande wa kulala maana wanaume huwa mnasema "gesti ipo tu" mnaishia hapo. Mimi nasafiri mwenyewe na nimelala sehemu za kila aina.

Chumba usilipe kabla hujakiona. Ukiingia angalia komeo la ndani, sio kitasa, KOMEO. Kitasa kila mhudumu ana ufunguo. Angalia dirisha linafungwa, washa taa, fungua bomba uone maji yanatoka au ni pambo, nyanyua shuka. Kisha uliza baa iko umbali gani, maana kuna gesti nyingi ambazo kusema kweli ni baa yenye vitanda, utalala na spika ukutani mpaka saa nane usiku. Kuna mji mmoja (siutaji) nilipewa chumba cha bei poa kabisa kumbe nyuma ya kitanda ndio jiko la nyama choma, nilitoka asubuhi nanuka kama mshikaki.

Bei, ukisema unataka chumba cha choo cha nje inashuka, elfu 10 mpaka 15 unapata kitu kisafi miji kama Iringa na Tukuyu, selfu ni kuanzia 15, 20 kwenda juu. Uliza kama bei inashuka ukikaa siku tatu, wanashusha, hasa katikati ya wiki. Kitambulisho cha NIDA usikisahau, kuna kitabu cha wageni utajaza kila kitu mpaka kabila huko kwingine.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni hosteli za makanisa. Huko kusini wamisheni walikaa siku nyingi, Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891, Walutheri nao wako kila kona, Wakatoliki ndio usiseme. Wengi wana nyumba za wageni, sio lazima uwe muumini wao, vyumba vya kawaida ila visafi, kimya, geti linafungwa mapema na asubuhi chai ipo. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake mimi ndio naanzia hapo, gesti inafuata. Pombe hakuna, kama hiyo ni shida kwako basi.

Hela usitembee nayo yote. Iache kwenye simu, toa kidogo kidogo kwa wakala, makato yanauma lakini sio kama kuibiwa. Ila kabla hujashuka Matema toa ya kukutosha siku zako zote ukiwa bado Kyela au Tukuyu, maana vijijini wakala anaweza akakwambia sina floti mpaka kesho na kesho nayo akasema hivyo hivyo.

Hema usibebe. Utalipia uwanja wa kulitandika karibu sawa na chumba, na uzito utaubeba bure wiki mbili.

tumbili_wa_kitonga

Dada umenena hapo kwenye makanisa. Kidogo kuhusu Iringa maana nimeisahau.

Mabasi ya Mbeya hayapandi mjini, mji uko juu kilimani, unashuka bondeni huku stendi ya Igumbilo alafu daladala inakupandisha. Kaa siku tatu hivi, usikimbie. Jioni panda jiwe la Gangilonga uone mji wote, nilipopita pale sikuombwa hata mia. Siku moja nenda Isimila, ni kama kilomita 20 njia ya Mbeya, panda gari za kwenda Mafinga mwambie konda akushushe, unatembea kidogo kwa mguu. Kuna korongo la nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba, na zana za mawe za watu wa kale zimelala chini pale pale zilipochimbuliwa, mashoka ya mawe unayaona kwa macho yako. Kiingilio cha mtanzania ni cha kwetu, hakitakuua.

Siku nyingine nenda Kalenga. Hapo ndio kwa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na fuvu lake liko pale kwenye kabati la kioo. Alijiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimshike akiwa hai, wakakata kichwa wakakipeleka kwao, mpaka mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika kirudishwe na bado kikarudi 1954. Ukitoka Dar kabla hujafika Iringa kuna mnara wa Lugalo pembeni ya barabara, pale Wahehe waliwapiga Wajerumani 1891, kamanda wao akafia hapo hapo. Konda hatakwambia, basi linapita tu, kaa macho baada ya Ilula.

Na ukiamka Iringa sema kamwene kwa mama wa chai, bei ya maandazi haitashuka lakini utaongezewa chai.

Mwa_Tukuyu

Sasa mmefika kwetu naomba nafasi.

Kaka, baridi ni kweli na haijatiwa chumvi. Mbeya mjini uko juu ya mita 1,700, mwezi wa sita na wa saba usiku utalala na soksi. Lakini hapo hapo ukishuka Kyela uko mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, joto la kwenu kabisa la Rufiji na mbu wake. Siku moja unaweza ukaanza na sweta mbili Uyole pale Mbeya ukamaliza umevua shati Ipinda huko Kyela. Kwa iyo kwenye begi, jaketi moja zito na sweta, sio majaketi matatu, na dawa ya mbu. Mabranketi gesti wanayo. Mwavuli au koti la mvua weka, Tukuyu mvua haiulizi mwezi.

Mbeya mjini usikae zaidi ya usiku mmoja, sio kwamba pabaya, ni hela yako. Nenda Nanenane panda haisi au kosta ya Tukuyu, weka Tukuyu iwe kambi yako usiku nne au tano. Chumba kimoja, begi liko ndani, wewe unatoka asubuhi mikono mitupu unarudi jioni. Hapo ndio utaelewa tumbili anachosema kuhusu kuhama hama.

Ukiwa njiani kati ya Mbeya na Tukuyu kuna ziwa Ngozi, ziwa la kreta juu ya mlima ndani ya msitu. Unashushwa barabarani kwenye kibao, alafu ni kutembea na kupanda, mwisho unapanda kwa kushika mizizi, ukifika juu kama hakuna ukungu unaliona liko chini kabisa la kijani. Kama kuna ukungu umeona ukungu. Nenda asubuhi na usiende peke yako, chukua kijana wa pale akuongoze, elewaneni bei KABLA hamjaanza kupanda, mkiandika kwenye simu mkaoneshana ni bora zaidi. Raba zenye meno, sio ndala.

Daraja la Mungu liko upande wa Kiwira, jiwe limepita juu ya mto Kiwira lenyewe bila fundi. Jirani yake kuna Kijungu, mto mzima unaingia kwenye shimo kama chungu unachemka hapo. Siku moja inatosha yote mawili kama ukipata bodaboda wa kukusubiri, patana kwenda na kurudi sio kwenda tu, maana kurudi ndio wanakokushikia.

Kula kwetu ni rahisi. Ndizi. Mama ntilie wa Tukuyu kwa elfu mbili mpaka mbili na nusu utapewa mbalaga na maharage na parachichi pembeni hujaliomba. Msimu wa parachichi utagawiwa bure njiani. Maziwa fresh na mtindi upo. Ukishuka Kyela unabadilisha, ule wali wa Kyela unaouziwa Dar kwa bei ya dhahabu unaula pale pale unakovunwa, na samaki. Matema uliza mbasa, au usipa wa kukaanga kama hela imekata.

Kwenda Matema usifike mpaka Kyela mjini kama hauna shida nako, kuna njia panda Kikusya, unaingia Ipinda alafu Matema, lami imefika. Uliza gari la Matema moja kwa moja, ukikosa fika Ipinda ubadilishe. Fika mchana, magari ya jioni sio mengi. Milima ya Livingstone inaingia ziwani pale pale kama ukuta, mchanga upo, maji baridi kidogo asubuhi, hakuna chumvi kwa iyo mtu wa pwani utayameza ukishangaa. Kuna hoteli za mabwana wakubwa na kuna vyumba vya kawaida kijijini nyuma kidogo ya ufukwe, hivyo ndio vyako. Hatua mia mbili za kutembea zinakuokolea elfu ishirini kwa siku.

Mamba ulizia wenyeji kabla ya kuogelea, hasa karibu na midomo ya mito. Wakikwambia hapa hapana, hapana.

msee_wa_rongai

Niaje wasee, hii uzi imeniweza. Mimi niko Kenya, nataka kufanya hii route from... kutoka Nairobi mpaka huko Matema. Je mkenya nalipa kama mzungu kwa hizo park zenu ama kama nyinyi? Na kitambulisho inatosha border ama lazima nibebe pasi?

dada_wa_nyikani

@msee_wa_rongai karibu sana jirani. Hifadhi za taifa kuna bei ya raia wa Afrika Mashariki na wewe umo, lipa kwa shilingi sio dola, ila onesha uthibitisho getini. Mpakani beba pasi, viza hulipi. Hesabu ya nauli ukitokea Namanga ni nyingine kabisa, mpaka ufike Mbeya umeshavuka nchi nzima, kwa iyo wewe ongeza wiki.

kijana_wa_mbagala

Wakuu nimefuta ukurasa wote wa daftari. Sasa iko hivi: Dar-Iringa basi la mchana, usiku tatu. Iringa-Mbeya, usiku mmoja. Tukuyu usiku nne. Matema usiku nne. Songea, Njombe, Dodoma na kimondo vyote vimekatwa. Kurudi bado nataka TAZARA kutoka Mbeya, jamani hapo mniachie, nimesikia inapita ndani ya hifadhi ya Nyerere na kwenye mahandaki. Vipi?

Na @Mwa_Tukuyu nimesikia kuna soko la vyungu Matema, ni siku gani?

Kondakta_Mstaafu

TAZARA ni safari nzuri kuliko zote ulizotaja na hapo basi langu nalisaliti. Reli ile ilijengwa na Wachina pamoja na sisi 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na kipande cha Mlimba kupanda Makambako ni mahandaki na madaraja mfululizo, barabara haifiki huko utakapopita. Lakini usiifanye ndio tegemeo la kurudi. Treni ya abiria ratiba yake hubadilika, mara nyingine haipo kabisa, na ikiwepo inaweza ikachelewa nusu siku bila mtu kukuomba radhi. Siku utakayofika Mbeya mara ya kwanza nenda stesheni mwenyewe, uliza kwa mdomo dirishani ipo au haipo na siku gani. Ikiwepo panga siku zako za Matema kuizunguka. Isipokuwepo nauli ya basi iwe imekaa pembeni kwenye simu, usiiguse hata ukiona mbasa mkubwa namna gani.

Mwa_Tukuyu

Vyungu ni Jumamosi, Lyulilo, unatembea tu kwa mguu kutoka Matema kufuata ufukwe. Wanaofinyanga ni akina mama wa Kikisi wa Ikombe huko chini ya mlima, wanavileta kwa mitumbwi vimepangwa mpaka juu, na wanunuzi wanakuja na magari wanavipeleka mpaka Mbeya. Kwa iyo hizo usiku nne zako hakikisha Jumamosi imo ndani.

Bei ya pale na bei ya Mbeya mjini haviko karibu. Ila kaka utanunua kimoja, na kiwe kidogo cha kukaa ndani ya begi. Kijaze soksi ndani, kizungushie lile sweta maana hutalihitaji tena mpaka ukipanda Uyole, na kwenye basi usikubali konda akiweke buti. Pakata.

Pesa_Makaratasi

Hivi vyungu Lyulilo kimoja shilingi ngapi? Nauliza tu.

Mwa_Tukuyu

Hahaha mitumba imeishia wapi boss? Njoo uulize mwenyewe, nauli ushapigiwa hesabu hapo juu.